Nazi Moja, Kilomita Moja

Namba ya nyuma ya gari la Mhina Shechambo ilisoma 286,114, na Barabara ya Arobaini nzima iliijua kabla ya chai.

Usishangae. Tanga ya mwaka 2094, kila gari lilibeba namba yake mgongoni: tarakimu sita za taa ya manjano, kila moja kubwa kama sahani ya wali. Bibi asiye na miwani aliisoma, mlevi aliisoma. Kifaa chenyewe kwenye makaratasi kiliitwa kihesabunjia. Mtaani walikiita mita, basi. Kazi yake ilikuwa moja, kuhesabu kila kilomita ambayo gari limekwenda tangu lizaliwe na kuitangazia dunia.

Somoe, muuza mihogo wa pale kona, ndiye aliyekuwa msomaji mkuu. Alikaa kwenye benchi lake, jungu la mafuta mbele, na magari yakipita nyuma ya jungu.

"Mhina jana asubuhi themanini na nne, leo mia na kumi na nne," alisema. "Thelathini. Pongwe na kurudi."

"Kama kawaida yake," mteja akajibu.

"Mtu gani huyu, hata kupotea njia hapotei? Mwangalie Mjumbe sasa. Jana sabini! Sabini ni Muheza hiyo. Muheza kuna nini, shoga?"

"Kuna machungwa."

"Machungwa gani hayo, mtu anayafuata amejipulizia marashi?"

Benchi zima likacheka, na Mjumbe Kihiyo, aliyekuwa akipita na gari lake taratibu, akapandisha kioo.

Hivyo ndivyo mita ilivyokusudiwa. Aliyeibuni, Injinia Zamaradi, alizaliwa mtaa huo huo, na aliujua mtaa wake. Zamani mafundi walikuwa wakirudisha mita nyuma. Gari limezunguka nchi mbili linauzwa likisoma elfu arobaini, rangi mpya, viti vinanukia. Baba yake Zamaradi alinunua gari la namna hiyo. Lilisoma elfu sitini, kumbe laki nne, na breki zikamtupa mkono kwenye mteremko wa Lushoto. Zamaradi alikuwa na miaka tisa. Alipokua akatengeneza mita isiyorudi nyuma. Kumbukumbu yake aliiweka ndani ya kijiwe kilichokua kama chumvi inavyoota kwenye sufuria, punje moja kwa kila kilomita, na punje ikishaota haing'oki. Ukikata umeme, mita ina umeme wake. Usingizi haina. Na kwa kuwa namba iko mgongoni, kila jirani ni polisi asiyelipwa.

Serikali ikaipenda mno. Barabara zilikuwa chache na magari mengi, basi ikawekwa sheria ya Kikomo. Gari likifika kilomita laki tatu linasagwa, na nafasi yake mtaani anapewa wa kwanza kwenye foleni. Mwenye gari lililokufa mapema huandikwa mfujaji, haruhusiwi kuomba jingine kwa miaka kumi. Lakini ukilitunza likafikisha miaka ishirini kabla ya laki tatu, unapewa jipya papo hapo, bila foleni, na mkono unashikwa.

Gari la Mhina lilikuwa limebakiza mwaka mmoja litimize ishirini.

Mwaka mmoja, na kilomita elfu kumi na tatu na mia nane na ushei. Pongwe na kurudi kila siku haikufika hata elfu kumi na moja kwa mwaka. Mhina alikuwa amepiga hesabu hiyo tangu gari likiwa na miaka kumi na tano. Harusini hakwenda na gari. Msibani aliomba lifti. Alizibana zile kilomita kama mgonjwa wa pumu anavyobana pumzi.

Na hakuwa na ujanja mwingine, maana miguu hakuwa nayo. Yaani ilikuwepo, ila imelala. Aliiachia kwenye nguzo ya kumi na tisa ya treni ya angani, alipoanguka wakati wanaijenga. Treni yenyewe sasa inapita juu ya mtaa inang'aa, na kituo chake kina ngazi themanini na nne. Lifti ilikufa mwaka wa kwanza na hakuna aliyeililia. Kwa hiyo Mhina alilifungia gari lake vyuma viwili alivyovichonga mwenyewe, kimoja cha mafuta kimoja cha breki, akaliendesha kwa mikono mpaka Pongwe, alikotengeneza mashine zinazokata mkonge. Akirudi aliliegesha penye kivuli, ubavu wa gari umegusa ukuta wa Bi Hadia, mama yake Injinia Zamaradi.

Bi Hadia ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya magari. Mwaka wa kumi na moja huo, wa kwanza yeye, na gari halifi.

Nyumba yake ilikuwa haikauki watu. Ukipita unaitwa, ukiitwa unakula, ukila unapewa na cha kufungia. Zamaradi alikuwa amemnunulia mbuzi ya umeme, mashine ya kukuna nazi yenye mota ya sumaku nzito, imara, isiyo na kelele, na Bi Hadia akaiweka uani, ukutani pale pale penye upepo. Idi moja Zamaradi alikuja kula, mama yake akamuuliza, hivi hiyo mita yako inahesabu vipi?

Zamaradi akachora kwa kidole kwenye sinia la unga. "Kwenye ringi ya nyuma kuna kipande cha sumaku, mama. Gurudumu likizunguka mara moja, sumaku inapita mbele ya jicho. Jicho linapokea mpigo mmoja. Mipigo mia tano ni kilomita."

"Jicho linaona barabara?"

"Halioni kitu. Linasikia sumaku ikipita, linahesabu."

"Maskini," Bi Hadia alisema, akaufuta ule mchoro akaanza kukanda. "Kipofu mwenye vidole."

Miezi mitano baadaye Mhina Shechambo alimwomba dereva wa kampuni ya mkonge amsukume kwa kiti cha magurudumu mpaka ofisini kwa Zamaradi, Chumbageni, ghorofa ya chini. Alivaa shati lililopigwa pasi. Mapajani alikuwa na daftari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusumbua." Akafungua daftari. "Gari langu linakwenda bila mimi."

Zamaradi alitabasamu kwa heshima, kama watu wa ofisini wanavyotabasamu.

"Naandika namba nikiliacha na naandika nikilipanda. Tazama. Jumanne nimeliacha saa tisa na nusu, 294,870. Asubuhi nalikuta 294,912. Arobaini na mbili. Nani kalipanda? Ufunguo ni kidole changu hiki."

"Labda umekosea kuandika, mjomba."

"Siku mia na hamsini nikosee?"

"Mjomba," Zamaradi alisema, na akaivuta ile mita ya mfano iliyokuwa mezani, kijiwe chake kikimeta ndani ya kioo, "hiki kitu nimekifanyia kazi miaka kumi na sita. Wamekijaribu wezi wa nchi nne. Kimetiwa kwenye maji ya chumvi, kimepigwa radi. Hakijawahi kurudi nyuma hata kilomita moja."

"Mimi sijasema kimerudi nyuma."

"Ndiyo maana nakwambia, mjomba. Kiko sawa."

Na hapo ndipo lilipokuwa kosa, nawaambia, kosa ambalo lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Miaka yote hiyo, katika kila gereji ya nchi hii, hakuna fundi aliyewahi kuletewa gari aambiwe lizeeshe. Wote walitaka ujana. Kwa hiyo Zamaradi alijenga nyumba yenye milango saba ya chuma upande wa nyuma, upande wa mbele akaacha pazia. Kila mpigo unaokuja uhesabiwe, alisema. Bora kuzidisha kuliko kupunjwa. Wenzake walimpigia makofi.

Alimwahidi Mhina kwamba atakuja kulipima, na yule dereva akamsukuma Mhina akarudi zake.

Siku ya kupima, Baraza la Mita liliketi uani kwa Mjumbe Kihiyo, saa nne asubuhi, na mtaa mzima ulihudhuria kama harusi. Viti havikutosha. Namba ya Mhina ilikuwa 299,702. Alikuwa amebakiza miezi mitano ya miaka ishirini, na kilomita mia tatu kasoro mbili.

"Haya, Shechambo, sema," Mjumbe alianza.

"Gari langu linahesabu likiwa limesimama, Mjumbe. Sina zaidi."

"Lina majini!" mmoja akadakia, na uani kukavunjika kicheko.

"Majini wa Pongwe!"

"Kumbe ndiyo maana hakuoa tena. Anao!"

Mhina alingoja kicheko kipite, mikono juu ya daftari. Hakikupita haraka.

Zamaradi alisimama. Alieleza kwa upole kwamba amelitoa gari lile asubuhi, amelipeleka njia ya Amboni kwenye barabara iliyopimwa kwa kamba, kilomita kumi kamili. Mita imesoma kumi. Amerudi nalo, kumi tena. Haikuzidi, haikupungua.

"Umelipima likiwa linakwenda, mwanangu," Mhina alisema. "Mimi shida yangu ni likisimama."

"Mjomba, gari likisimama hakuna cha kupima."

Watu wakaitika kwa vichwa, maana lilikuwa neno la msomi. Lakini Zamaradi, kwa kutenda haki, akaugeukia mkutano: "Kuna mtu yeyote amewahi kuona namba ya gari hili inabadilika hali limesimama?"

Mtu akakohoa. Mama mmoja akaangalia kidumu chake cha tui, alichokuwa amekipitia kwa Bi Hadia njiani. Wenzake wanne nao walikuwa na vidumu. Bi Hadia mwenyewe, kiti cha mbele, alikuwa akijipepea na kawa.

"Somoe," Mjumbe akasema, "wewe ndiye mwenye macho."

Somoe akapanga kanga yake. "Mimi nasoma asubuhi, nasoma jioni. Katikati nina mihogo yangu. Ila mtu mzima na gari lake, nani ajuaye anakokwenda? Kumbe ukimya wote ule alikuwa na safari zake."

"Huyo!" wakasema. "Mnyamavu huyo!"

Mhina akamwangalia Somoe, akafunga daftari.

Zamaradi akatia sahihi. *Kihesabunjia ni kizima. Hesabu ni ya kweli.* Mhina akaandikwa mfujaji. Kilomita zile mia tatu kasoro mbili hazikumaliza hata wiki.

Kinu kilikuja Alhamisi, saa tano, na jua kali. Kilikuwa ni mashine ya miguu sita, ndefu kama ghorofa moja, yenye tumbo la chuma na sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. Kilitembea taratibu katikati ya mtaa, kikiomba radhi mbele ya kila kibaraza. Kina mama walitoka na vigoda.

Kikasimama nyuma ya gari la Mhina, kikaisoma namba mara tatu kwa sauti, kama sheria ilivyotaka. "Laki tatu. Laki tatu. Laki tatu. Pole sana kwa msiba. Tafadhali mwenye gari asimame mbali."

"Asimame!" mtu akanong'ona, na wengine wakazibana pua kisitoke kicheko.

Mhina alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu cha serikali, kilichotengenezwa kwa sakafu ya hospitali, magurudumu yamezama mchangani. "Naomba nitoe vile vyuma viwili," alisema. "Vya mikono. Si vya gari, ni vyangu."

"Gari huondoka kama lilivyo," Kinu kikajibu. "Asante kwa kuelewa."

Kikalinyanyua, kikalikunja mara mbili, kisha mara nne, kama mtu anavyokunja kanga ya kuweka sandukuni. Vile vyuma vya mikono vilichelewa kukatika, maana Mhina alivichonga kwa chuma cha reli. Vililia peke yao baada ya vingine vyote kunyamaza. Tarakimu za manjano ndizo zilizokufa mwisho. Halafu Kinu kikaomba radhi, kikaenda zake.

Mchana ule Bi Hadia alipika. Watu walijaa mpaka ukumbini, wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, na wengine wakila wima. Aliwaambia hii ni kumfariji jirani. Mhina alipelekewa sahani yake pale pale mchangani alipoachwa, na sahani ilikuwa imejaa kweli, Bi Hadia hakuwa mchoyo.

Zamaradi alikwenda uani kunawa. Hapo ndipo alipoona kwamba ile mbuzi ya umeme haipo ukutani. Ilikuwa imehamishiwa upande wa pili, karibu na tangi la maji, juani kabisa. Pale ilipokuwa, saruji ilibaki na alama nne za miguu yake, na doa jeupe la machicha lililoganda mwaka mzima.

Alizitazama zile alama. Akauangalia ukuta. Ulikuwa ukuta wa kisasa, wa povu gumu, unene wa vidole vinne. Upande wa pili, alijua bila kuchungulia, kulikuwa na michirizi miwili ya tairi.

Kwenye pochi yake hakukosa jicho moja la mita, alitembea nalo kama wengine wanavyotembea na tasbihi. Aliiburuta mashine mpaka kwenye zile alama nne. Akalibana jicho kwenye uso wa nje wa ukuta, kwa kupitisha mkono kwenye kidirisha cha ukuta. Akavunja nazi moja, akaikuna yote, vizio viwili, mpaka kwenye ganda.

Jicho lilisoma mipigo mia tano na mitatu.

"Ungeniuliza tu," Bi Hadia alisema mlangoni. "Nazi moja, kilomita moja. Kubwa za Pangani zinazidi kidogo."

Zamaradi aliizima mashine. Sauti za wageni zikaingia, vijiko, mtu anasimulia, wengine wanacheka.

"Mama. Ulijua."

"Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, Mungu shahidi. Nakuna nazi za maulidi, Somoe yuko nje anapiga kelele, jamani njooni muone, namba inapanda gari halina mtu! Tukacheka hapo, mbavu zinauma. Ndipo nikakumbuka ule unga wako."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili nilialika watu."

Alilisema hilo kama anavyosema chumvi imetosha. Zamaradi alikumbuka miezi ile yote: mama yake akigawa tui mtaa mzima, nazi arobaini kwa siku, na watu wakimwombea dua. Yeye mwenyewe kila Ijumaa alikuwa akibeba kidumu chake.

"Kwa hiyo wote walijua."

"Nani asiyejua? Wewe tu na yeye. Wewe kwa usomi, yeye kwa upole." Bi Hadia akasogea, akapunguza sauti. "Miaka kumi na moja, Zama. Nawalisha hawa wote. Dada yangu alipokufa Korogwe nilikwenda kumzika juu ya magunia, kwenye gari la mkaa, nikafika mweusi watu wananikimbia. Gari la huyu linatembea thelathini, linalala. Thelathini, linalala. Angefikisha ishirini angepewa jipya, na mimi ningesubiri mpaka nife. Haya, niambie ningefanya nini."

"Ulimwona leo akilia?"

"Nilimpelekea wali."

Zamaradi alikaa juu ya ndoo. "Nitasema. Kesho nakwenda kusema."

"Nenda. Waambie mita haidanganyi, ila ikipewa nazi inasema lolote. Kwani mpaka leo mmesaga mangapi nchi nzima?"

"Elfu arobaini na moja."

"Waite wote elfu arobaini na moja, uwaambie huenda ulikosea. Waanze na jina lako, wamalizie na langu, wanifunge pingu mbele ya wageni." Akamfuta mwanawe unga wa nazi shavuni kwa ncha ya kanga, kwa upendo kabisa. "Twende ukale, chakula kinapoa."

Na Zamaradi akaenda akala. Kesho yake ofisini aliandika kurasa mbili, zenye sahihi. Akazisoma. Akaona kwamba dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu: gari likisimama, jicho lifumbe. Mstari mmoja ambao mtoto wa darasa la sita angeufikiria. Akazifuta kurasa zote mbili, akaagiza chai.

Mhina alipoteza kazi ya Pongwe wiki ile ile. Alikaa mlangoni kwake, magurudumu mchangani, mpaka Bi Hadia akamtumia watu wamlete. "Kwangu mtu hakai bure akaoza," alisema mbele ya kadamnasi. "Mikono anayo. Atanikunia nazi, atakula asubuhi, mchana, jioni." Watu wakamsifu. Basi Mhina akakaa uani, juani karibu na tangi, mbuzi ya umeme mapajani, akikuna. Kina mama wakamzoea, wakawa wanasengenyana juu ya kichwa chake kama hayupo.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, gari jipya la Bi Hadia likafika. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi, mgongoni 000,004, maana lilitoka bandarini tu. Aliliegesha mwenyewe penye kivuli, ukutani kwake, palipokuwa pazuri siku zote. Kisha ikawa karamu. Taarabu, udi, biriani ya kuku na ya mbuzi, maji ya ukwaju. Bi Hadia alikaa ukumbini kwenye kiti cha enzi, mgongo kaupa dirisha, akisimulia jinsi usukani ulivyo laini. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi.

Uani, Mhina aliinua mkono.

"Somoe," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza wamsikie siku nyingi. "Jua limenizidi. Mgongo hauna nguvu. Naomba mnisogeze niegemee ukuta."

Somoe aligeuka. Aliutazama ukuta, akamtazama Mhina, akaitazama ile mashine. Nanyi mjue kwamba baada ya Bi Hadia kupata gari, foleni ilisogea. Wa kwanza sasa alikuwa Somoe.

"Jamani, mtu mzima anaungua na jua, mnaangalia tu!" akapaza sauti. "Njooni tumbebe! Kumbe nyie hamna imani?"

Wanawake wanne walikuja wakicheka. Wakambeba Mhina, wakabeba na mbuzi, wakaiweka miguu yake minne juu ya zile alama nne, ikakaa kama iliyorudi kwao. Mmoja akamwekea Mhina na mto.

Zamaradi alikuwa amesimama mlango wa jikoni na trei ya glasi. Aliona yote. Kupitia dirisha la ukumbini aliona kisogo cha mama yake, hina mpya vidoleni, mkono ukizungusha usukani hewani, na kwenye kidirisha cha ukuta mwanga wa manjano wa 000,004. Akaiweka trei chini, akaenda ukutani, akachuchumaa.

"Mjomba."

"Injinia." Mhina alikuwa akipangusa jino la mbuzi kwa kitambaa, polepole, pembe zote. "Mimi nilikuwa fundi, mwanangu. Nimekaa wiki mbili na mashine hii mapajani, nasikia sumaku yake inavyovuta funguo za watu wakipita. Unadhani sikuziona hizi alama nne?"

Nyuma ya Zamaradi, Somoe na wenzake walikuwa wakingoja, macho yanang'aa kama ya watu waliokaa mbele ya jungu wakisubiri muhogo wa kwanza uelee.

"Nitawaambia wizarani," Zamaradi alinong'ona. "Mjomba, nitaandika. Nipe muda."

"Umeandika mara moja ukafuta. Uso wako unasema." Akaiwasha mashine, ikazunguka bila kelele, imara kama alivyoinunua. "Mimi sikuombi useme, mwanangu. Ukisema, gari langu litakunjuka?"

Ukumbini wakapiga vigelegele. Bi Hadia alikuwa ameahidi kuwapeleka watu Korogwe.

Mhina alinyoosha kiganja chake kipana, chenye sugu za vyuma ambavyo havipo tena.

"Nakuomba nazi."

Gunia lilikuwa karibu na mguu wake Zamaradi, limejaa, kubwa za Pangani. Alilitazama. Angeweza kuita, "Mama, sogeza gari." Maneno matatu tu. Akainama, akachagua moja, akaitikisa sikioni kusikia maji kama mama yake alivyomfundisha, akaipiga na mgongo wa panga mpaka ikapasuka sawia, akampa vizio vyote viwili.

Nje, penye kivuli, nne ikawa tano.